Mnyonya damu na swali la nani alipe: kisa cha mabanda matatu Moshi

Kisa hiki kilitokea katika kitongoji kimoja cha vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wachaga, juu ya mji wa Moshi, karibu na ukanda wa Nusu Maili unaotenganisha migomba ya watu na msitu wa Kilimanjaro. Jina la kitongoji naliacha makusudi, na majina ya watu vilevile, kwa sababu yumo bibi mmoja aliyenusurika mikononi mwa jirani zake mwenyewe na hahitaji kutafutwa tena. Mimi ni daktari wa mifugo. Afisa mifugo wa kata aliniita baada ya banda la pili kuvamiwa, na ninayoandika hapa ni niliyoyaona, niliyoyasikia kwa wenye mifugo, na yanayojulikana kuhusu mambo ya namna hii hapa kwetu na kwingineko.

Banda la kwanza ni la mama mjane anayefuga ndani kama wengi wa vihambani. Mbuzi hawatoki, hukatiwa majani wakaletewa, na chini hutandazwa majani makavu ya migomba. Asubuhi aliwakuta mbuzi wake wote watatu wamekufa. Hakuna aliyeliwa nyama, ila mmoja alikatika sikio. Shingoni walikuwa na matundu madogo ambayo mama aliyafananisha na matundu ya msumari wa nchi nne. Sakafuni hakuona damu. Mbwa wake, anayebweka hata mpita njia akikohoa barabarani, alikuwa mlangoni, mzima na mkimya. Mbuzi wawili walifukiwa siku ileile, wa tatu akatupwa korongoni, na kufikia mchana habari ilikuwa imevuka mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, na kuingia kitongoji cha jirani: kuna kitu kinanyonya damu.

Siku kama nane baadaye ikawa zamu ya mzee mwenye kondoo. Kondoo wawili walikutwa wamekufa, mwanakondoo hayupo. Nyumba iko hatua chache kutoka bandani, na hakuna aliyesikia chochote. Banda la tatu lilivamiwa wiki iliyofuata. Hilo lilikuwa na mbuzi wawili wa maziwa, machotara wa Toggenburg, ambao mwenyewe alikuwa anawategemea kwa ada ya mtoto wa sekondari. Mmoja alikufa. Wa pili alibaki hai, amejibanza pembeni anatetemeka, na yeye ndiye aliyekuja kutusaidia kuliko shahidi yeyote mwenye ulimi.

Kabla sijafika, kitongoji kilikuwa na majibu matatu. Wazee kadhaa walimtaja irimu, yule zimwi wa ngano za Kichaga anayeweza kuja kwa umbo la chui. Walimtaja kwa sauti ya chini, nusu wakiamini na nusu wakitafuta neno la kuita jambo lisilo na jina. Kundi la pili, ambalo ndilo lililonitisha, lilisema ni fisi wa mtu. Imani hiyo imeenea sehemu nyingi za Tanzania: mchawi hufuga fisi kama wengine wanavyofuga ng'ombe, humtuma usiku, na alfajiri humficha. Vijana nao walikuwa na chupakabra, kiumbe wa hadithi za Amerika anayesemwa kunyonya damu ya mifugo. Kwenye simu zao ilizunguka picha ya mnyama asiye na manyoya, ngozi ya kijivu, meno nje, na maelezo chini yake kwamba amekamatwa Rombo.

Nayaita majibu kwa heshima. Mtu aliyepoteza mbuzi watatu usiku mmoja, bila nyama kuliwa, bila damu kuonekana na bila mbwa kubweka, ana haki ya kushangaa. Kila kitu alichokiona kilikuwa kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye juu ya mzoga kabla haujafukiwa.

Jambo la kwanza katika kazi kama hii halina uhusiano wowote na mnyama wa ajabu. Mfugo ukifa ghafla Kilimanjaro au Arusha, swali la mwanzo ni kimeta. Ugonjwa huo upo kwetu na huua watu pia. Mzoga wa kimeta huvimba haraka, mara nyingi haukakamai kama mizoga mingine, na hutoa damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au kwenye njia ya haja. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi kabisa, maana vijidudu vikishapata hewa hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni miaka na miaka. Kwa hiyo tulianza kwa kutazama matundu ya mwili kwa mbali, glovu mkononi, na kumuuliza mzee mwenye kondoo kama wanyama walikuwa wanakula jioni ile. Walikuwa wanakula vizuri. Damu haikutoka popote isipokuwa penye majeraha. Ndipo tukachuna ngozi.

Kama kuna kitu kimoja natamani kila mfugaji akione kwa macho yake, ni upande wa ndani wa ngozi ya mnyama aliyeumwa. Kwa nje kondoo wa kwanza alikuwa na matundu manne tu shingoni, safi, yamefunikwa na sufu. Kwa ndani shingo nzima ilikuwa nyeusi kwa damu iliyovilia. Nyama ilikuwa imesagika, koromeo limepondwa, na matundu yalikuwa mengi zaidi, kwa sababu ngozi huteleza na kuvutika jino linapoingia, kisha hurudi mahali pake na kuficha kilicho chini. Kulikuwa na majeraha pia kwenye mapaja ya nyuma na ubavuni, ambayo hakuna aliyeyaona kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama shingo. Damu haikunyonywa. Ilikuwa imejaa chini ya ngozi na kati ya misuli.

Mzee alisimama pale muda mrefu. Halafu akauliza swali zuri: mbona nilipomkata mwenyewe asubuhi, damu haikutoka?

Haikutoka kwa sababu moyo ulikuwa umesimama tangu usiku. Damu hutoka kwa nguvu katika mnyama anayechinjwa akiwa hai kwa kuwa moyo bado unaisukuma. Ukisimama, damu huteremka upande uliolala chini na kuganda humohumo mwilini. Kata upande wa juu baada ya saa kadhaa na utakuta nyama iliyopauka kana kwamba imeoshwa. Ile kidogo iliyomwagika nje ilimezwa na majani ya migomba na samadi. Tulipofunua tabaka la juu tuliikuta chini yake, imekauka, rangi ya kahawa. Mbuzi wa kilo thelathini ana damu ya takriban lita mbili. Mnyama anayeweza kunywa ya mbuzi watatu usiku mmoja angekuwa amebeba lita sita tumboni, na bado avuke ua.

Wapo popo wanaoishi kwa damu, na vijana walilitaja hilo kama hoja. Ni kweli. Aina zake ni tatu tu duniani na zote ziko Amerika, kutoka Mexico hadi Argentina. Hulamba damu kidogo kutoka kwenye jeraha dogo, na mnyama aliyelambwa huamka asubuhi akiwa hai. Popo wa Afrika hula matunda, wadudu na vitu vingine, lakini popo wa kunywa damu hatuna.

Tukiacha damu, hoja ya pili iliyokuwa na nguvu ilikuwa hii: mnyama anayewinda kwa njaa angekula, kwa nini kiumbe kiue watatu na kuwaacha? Hapa Tanzania tuna ushahidi mkubwa kuliko wa nchi nyingi. Hans Kruuk, Mholanzi aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1972 maelezo ya usiku mmoja wa giza nene ambapo fisi waliua swala tomi 82 na kuwajeruhi wengine 27, na sehemu kubwa ya mizoga hawakuigusa. Alieleza kwamba kukimbiza, kukamata na kuua hakukomeshwi na shibe peke yake. Mawindo yakishindwa kukimbia, mwindaji huendelea kuua. Sasa fikiria banda. Mbuzi hawana pa kukimbilia, wanaruka na kulia mbele ya uso wa mnyama, na kila mruko unamchochea upya. Banda lililofungwa vizuri kwa nje na kuwa na tundu moja chini ni mtego, ila aliyenaswa ni mbuzi.

Mbuzi aliyebaki hai ndiye aliyetuonyesha waliokuja. Alikuwa ameumwa sikio, shavu na mguu wa nyuma juu ya goti, mara nyingi, kwa kuvutwavutwa. Chui haumi hivyo. Chui hushika koo, hubana mpaka pumzi iishe, kisha hubeba, na kwenye mgongo au mabega ya mnyama huacha mikwaruzo ya kucha. Chui wapo katika msitu wa Kilimanjaro, hilo halina ubishi. Mzoga wa mmoja ulikutwa umeganda karibu na ukingo wa Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro, mwaka 1926, na mpaka leo watu wanabishana alipanda kufuata nini huko. Lakini hakuwa chui aliyeingia katika mabanda haya. Hakuwa fisi pia. Fisi madoa angefungua tumbo na kuvunja mifupa, na mzoga wa mbuzi mmoja kwake si mlo wa kuacha.

Tulipima nafasi kati ya tundu na tundu, na vipimo vilipishana kutoka jeraha hadi jeraha. Maana yake midomo ilikuwa zaidi ya mmoja, mikubwa na midogo. Kwenye matope ya kando ya mfongo, nyuma ya banda la tatu, kulikuwa na nyayo zenye alama za kucha, za ukubwa wa aina mbili au tatu, zimekanyagana. Nyayo za chui hazionyeshi kucha kwa sababu huzificha anapotembea. Za fisi zinaonyesha, lakini ni kubwa, na za mbele huzidi za nyuma kwa ukubwa waziwazi. Hizi zilikuwa za mbwa. Chini ya ubao wa banda palikuwa pamechimbwa, na kwenye msumari uliochomoza palinasa manyoya ya rangi ya mchanga.

Nilipotamka neno mbwa, kikao kilichokuwa kimekusanyika pale kilinyamaza, kisha kikakataa. Mama mjane alinijibu kwa upole lakini bila kuyumba: "Daktari, mbwa gani? Wa kwangu alikuwepo, asingekaa kimya."

Kukaa kwake kimya ndiko kulikonifanya niwe na hakika. Mbwa hubwekea mgeni, na hawa hawakuwa wageni. Vihambani watu wana desturi ya kufunga mbwa mchana na kumfungua usiku alinde nyumba. Anayefunguliwa saa mbili usiku na kurudi kabla ya alfajiri ana usiku mzima mikononi mwake, na wenzake wa nyumba za jirani wanao pia. Wanafahamiana, wanapitiana, wanakuwa kundi. Mbwa mmoja mpole anayelala miguuni mwa watoto mchana anaweza, akiwa na wenzake watatu, kufanya kazi ambayo peke yake asingeithubutu. Kuhusu kelele, mbuzi hulia, na mvua ilinyesha usiku wa banda la kwanza juu ya mabati. Kondoo ndio kabisa, hawapigi kelele. Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na aliyewahi kumwona kondoo akishikwa anajua walikuwa wanaeleza jambo walilolitazama.

Alibaki kiumbe mwenyewe, maana kulikuwa na mtu aliyemwona kwa macho. Kijana wa bodaboda, anayejulikana kwa kutokunywa hata mbege, pombe ya ndizi, ya sherehe, alikuwa anapanda usiku na taa ya pikipiki ikakimulika kitu kikivuka njia: kijivu, bila manyoya, uti wa mgongo umesimama, masikio makubwa, macho yanawaka. Sikumtilia shaka hata kidogo. Macho ya wanyama wengi wa usiku yana utando kwa nyuma unaorudisha mwanga, kwa hiyo huwaka yakimulikwa. Na kitu kilichobaki katika maelezo yake, neno kwa neno, ni mbwa mwenye upele mkali.

Ugonjwa huo huletwa na utitiri wasioonekana kwa macho, wanaochimba ndani ya ngozi. Mbwa hujikuna mpaka manyoya yanaisha, ngozi inakuwa nene, ya kijivu, yenye mikunjo na harufu mbaya. Uso hubadilika. Masikio huonekana makubwa kwa sababu kilichoyazunguka kimeondoka, na mbwa aliyekonda kwa ugonjwa huonyesha kila mfupa. Nimewaona wafugaji wenye uzoefu wa miaka wakishindwa kusema ni mnyama gani.

Picha ya simu ilikuwa na historia ileile, na inafaa kuieleza kwa kuwa wengi wanaoisambaza hawaijui. Chupakabra alianza kuvuma mwaka 1995 katika kisiwa cha Puerto Rico, baada ya kondoo na mbuzi kukutwa wamekufa na matundu mwilini na watu kusema wamenyonywa damu. Mtu aliyetoa maelezo yaliyoenea zaidi alimweleza kiumbe kinachotembea kwa miguu miwili, chenye miiba mgongoni. Benjamin Radford, Mmarekani aliyefuatilia suala hilo kwa miaka mitano, alionyesha kwamba maelezo hayo yanafanana mno na kiumbe wa filamu ya Species, iliyotoka mwaka huohuo wa 1995, ambayo shahidi huyo alikuwa ameitazama. Miaka ilivyokwenda chupakabra akabadilika umbo. Alipofika Texas alikuwa ana miguu minne na hana manyoya. Mzoga mmoja maarufu uliopatikana Cuero, Texas, mwaka 2007 ulipimwa vinasaba katika Chuo Kikuu cha Texas State ukaonekana ni wa koyote, jamaa wa mbweha wetu. Wataalamu wa utitiri wakaeleza sababu ya upara wake, na ilikuwa upele. Picha iliyodaiwa kuwa ya Rombo ilikuwa ya mnyama wa aina hiyo, na nyuma yake, kwa mtu anayetazama vizuri, kuna uzio wa shamba ambao huwezi kuupata Rombo yote.

Mwaka ule wa 1995 sisi pia tulikuwa na yetu. Pemba na Unguja zilikumbwa na taharuki ya Popobawa. Huyo hakugusa mifugo, alidaiwa kuwavamia watu usingizini, na familia nzima zilikesha nje zimezunguka moto. Unguja mtu mmoja aliuawa na umati uliodhani ndiye. Nalitaja hili kwa sababu katika kisa cha Moshi tulikaribia hapo, na watu waliokaribia ni watu wema, wanaosali, wanaochangiana misiba.

Bibi anaishi peke yake ukingoni mwa korongo, chini ya banda la kwanza. Watoto wake wako mijini. Ana macho mekundu kwa moshi wa kuni, kama wanawake wengi wazee waliopika jikoni miaka sitini, na Watanzania tunajua macho hayo yameponza wazee wangapi. Mzoga wa mbuzi wa tatu ulitupwa korongoni, karibu na kwake. Mtu akapita, akaona kunguru na nguchiro juu ya mzoga, akasema mbuzi wa mama fulani ameonekana kwa bibi. Maneno hayakuhitaji zaidi ya siku mbili. Baada ya banda la pili, usiku, mawe yalirushwa juu ya mabati yake, na sauti ikamwambia amfunge fisi wake.

Aliponisimulia aliniita mwanangu na akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye ninayejua wanyama. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi waambie. Mimi nikiwaambia hawasikii."

Mwenyekiti wa kitongoji alifanya jambo ambalo namheshimu kwalo mpaka leo. Hakusubiri uchunguzi uishe. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu kwamba kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu mwaka 1928, na kwamba jiwe la pili likirushwa atawaita polisi na atataja majina anayoyajua. Kisha akawaweka vijana wawili walale kwa bibi, mmoja wao akiwa mjukuu wa mzee mwenye kondoo. 

Kinachonigusa zaidi katika kisa hiki kiko hapa. Kila jina walilompa mnyama lilikuja na mtu wake wa kulipa. Angekuwa chui au fisi wa porini, mwenye mfugo angepiga ripoti kwa afisa wanyamapori na kuomba kifuta jasho kwa kanuni za mwaka 2011 zilizo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori. Angekuwa fisi wa mtu, angelipa bibi, pengine kwa uhai wake. Angekuwa irimu au chupakabra, asingelipa mtu yeyote, na jirani wangeendelea kusalimiana kama jana. Akiwa mbwa, lazima atafutwe mwenye mbwa, na mwenye mbwa ni shemeji, ni mzee wa kanisa, ni yule aliyekuchimbia kaburi la baba yako. Ndiyo maana kikao kilikataa neno hilo haraka vile. Mnyama wa ajabu alikuwa anawalinda wasigombane, na aliyekuwa anaumia kwa ulinzi huo hakuwa na mtu wa kumsemea.

Tulihitaji kuwaona. Vijana wa ulinzi shirikishi walikesha kwa zamu na tochi kali, bila marungu, kwa sharti moja nililoling'ang'ania: wakimkuta mnyama wasimpige, na hasa wasimvunje kichwa. Kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kupima ubongo, na kichwa kilichopondwa mara nyingi hakina cha kupimwa tena. Karibu na alfajiri ya siku mojawapo waliona mbwa wanne wakitoka kwenye migomba nyuma ya banda jipya, wakawafuata kwa umbali. Watatu waliingia kila mmoja kwao. Wa nne, yule mpara, hakuwa na kwao; alijificha chini ya daraja la mfongo, na alinaswa mchana kwa utumbo wa kuku na kizimba cha mbao. Kwenye kinyesi cha wawili kati ya wenye kwao kulikuwa na sufu ya kondoo. Niliwaonyesha wenyewe, mbele ya mwenyekiti, na nikakisambaza kwa kijiti juu ya jani la mgomba ili asiwepo wa kusema daktari ameleta chake.

Mpara alifungiwa katika banda tupu kwa siku kumi aangaliwe kama ana kichaa. Hakuwa nacho. Alichomwa dawa ya ivermektini, akarudiwa, na baada ya wiki kadhaa manyoya ya rangi ya mchanga yakaanza kurudi. Watoto wa shule walikuwa wanapita kumtazama chupakabra akigeuka kuwa mbwa. Maneno yangu yote hayakufanya kazi iliyofanywa na banda lile. Kijana wa bodaboda alikuja mara nyingi kuliko wote, na ndiye aliyeanza kuwaeleza wengine.

Mbuzi aliyejeruhiwa alitengwa, maziwa yake yakamwagwa muda wote tuliokuwa tunamtazama. Watu waliobeba mizoga kwa mikono mitupu wakaelekezwa hospitali, maana mate ya mbwa kwenye mchubuko yanatosha kuleta hatari ya kichaa. Sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha chanjo, bila kungoja dalili, kwa sababu dalili zikianza dawa haipo. Mbwa watatu wenye kwao walichanjwa na kufungwa usiku.

Kikao cha malipo kilifanyika chini ya mti wa mwenyekiti. Wa kwanza kusimama alikuwa mzee ambaye mbwa wake alikuwa na sufu kinyesini. Alimwendea mwenzake mwenye kondoo akiwa na jani la isale mkononi. Asiye Mchaga anaweza asijue uzito wake: jani hilo likiletwa kuomba radhi, aliyekosewa hapaswi kulikataa. Alilipokea. Walikubaliana kondoo wawili wazima na kondoo jike mchanga badala ya yule aliyetoweka, walipwe kabla ya Krismasi. Wa pili, mama wa makamo, alilipa mbuzi wa maziwa kwa awamu kupitia kikundi chake cha vikoba.

Wa tatu alikataa. Hoja yake ni kwamba mbwa wake anakula kwake mara mbili kwa siku, kwa hiyo hana sababu ya kuua, na kinyesi chake hakikukutwa na sufu. Nilimweleza kuhusu shibe na kuwinda, nikamweleza kuhusu vijana waliomfuata mbwa mpaka mlangoni. Alinisikiliza kwa adabu zote na hakubadilika. Mbuzi wa mama mjane ndio walioangukia upande wake, na mizoga yao haikuchunwa. Miwili ilifukiwa na wa tatu uliliwa na kunguru. Mbele ya baraza, mama hana cha kuonyesha isipokuwa neno lake na tundu lililochimbwa chini ya banda.

Ndiyo maana, kwa yeyote anayefuga Kilimanjaro, Arusha au popote, nasema hivi: ukikuta mfugo umekufa kwa namna usiyoielewa, ufunike kwa turubai, uuzungushie miiba mbwa na kunguru wasiuguse, usiupasue, usiugawe kibudu kwa jirani, na umpigie afisa mifugo wa kata kabla hujampigia mtu mwingine yeyote. Piga picha nyayo kabla watu hawajakanyaga. Ngozi iliyochunwa mbele ya mashahidi inasema mengi katika baraza.

Shauri la mama mjane limepelekwa kata. Mwenyekiti ameniomba niandike maelezo ya banda la pili na la tatu ili yatumike kuonyesha mwenendo wa mbwa walewale, na nimeyaandika. Mzee wa tatu bado anamfungua mbwa wake usiku.